Dola 300 za kwenda kucheza Uingereza



Juma lililopita, baada ya kugawa likelemba, mama mmoja alibaki nyuma. Bwana fulani amemwahidi kumpeleka mwanawe wa miaka 15 akacheze mpira Uingereza, na anadai dola 300 za karatasi. Mama alikuwa tayari kuuza mbuzi wake.

Nikamsimulia habari ya Gabriel Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa, 1986. Alifika London akiwa mtoto, pamoja na familia yake. Alianzia Leyton Orient, timu ya ligi za chini. Mwaka 2006 Fulham ya ligi kuu ikamnunua, lakini nafasi ikawa ngumu. Akaazimwa Stoke City, kisha Peterborough, na huko ndiko alikokaa miaka mingi. Baadaye Northampton, Gillingham, Swindon: majina ambayo watoto wetu hawaandiki kwenye jezi. Hata hivyo, mwaka 2015 alikuwa kati ya Léopards waliopata medali ya shaba kule Guinea ya Ikweta. (Siku ile nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.)

Sasa sheria. FIFA inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Na tangu 2021 timu za Uingereza haziruhusiwi kusajili mtoto wa umri huo kutoka nje, isipokuwa kwa sababu kama hiyo. Basi karatasi za dola 300 ni karatasi gani?

Mama alimpigia yule bwana akamuuliza hivyo hivyo. Simu ilikatika. Mbuzi bado yuko.