Usiniambie sabuni yako ya uso haina kemikali, niambie ina nini

Mwaka jana nilinunua sabuni ya uso mtandaoni kwa Sh1,200. Video ilikuwa moto: manzi mwenye ngozi ya kung'aa, povu jeupe kama wingu, jani la alovera limepasuliwa pembeni. Chupa ilipofika ilikuwa na maneno sita tu mbele: alovera, asali, nazi, haina kemikali kabisa. Nyuma hakukuwa na kitu.

Wiki ya tatu kope zikaanza kuniwasha. Kisha mashavu, kisha shingo. Mamangu akasema ni haya maji ya chumvi ya hapa kwetu Kitengela. Dada wa saluni akasema ati ngozi inatoa sumu, nivumilie. Nikavumilia wiki mbili zaidi, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Daktari wa ngozi hakuniuliza mambo mengi. Aliuliza, "Hii sabuni ina nini ndani?" Nikampa chupa. Akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema "haina kemikali" napandwa na hasira. Acha nieleze kwa nini.

Asali haitoi povu la kujaza kiganja. Mafuta ya nazi ndiyo kabisa, hayatoi. Kwa hivyo kama sabuni ya maji inatoa povu, kuna kitu kimewekwa humo kifanye kazi hiyo. Kitu chenyewe ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika mafuta na uchafu usoni, kichwa kinashika maji, unasuuza, vyote vinaenda. Ujanja huo huo ndio unaofanya maji na mafuta yakae pamoja kwenye losheni bila kuachana kama supu iliyopoa.

Walio mtaani wakichanganya sabuni za kuoshea vyombo wanaijua ungerol, ule ute mzito unaouzwa kwa kilo. Hiyo ni moja ya familia hii. Inatoa povu kinoma na bei yake ni nafuu. Ina ndugu yake mkali zaidi, lauri salfeti ya sodiamu, ambaye watafiti wa ngozi humtumia maabara wanapotaka kuwasha ngozi makusudi ili waipime. Ndiye huyo, na bado kuna sabuni za uso zinazomtumia.

Sasa, kuna upande mpole wa familia, na huo ndio nimeupenda baada ya kusoma usiku kucha nikijikuna. Unaitwa desili glukosaidi. Kichwa chake ni sukari ya glukosi, ambayo mara nyingi hutolewa kwa mahindi au ngano. Mkia unatoka kwa mafuta ya nazi au ya mawese. Mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alieleza jinsi ya kuunganisha sukari na alkoholi namna hiyo mwaka wa 1893, kwa hivyo si mambo ya TikTok. Kichwa hicho cha sukari hakina chaji ya umeme, na ndiyo sababu hakigandii protini za ngozi kwa nguvu kama zile salfeti. Unaosha uso bila ile hali ya kuhisi umevalishwa ngozi ya ngoma.

Na kwa sisi wa maji ya kisima, kuna zawadi nyingine. Ile kalisiamu na magnesiamu iliyo kwa maji magumu hugandisha sabuni ya kipande, ukabaki na ule utando mweupe kwenye beseni, na mwingine usoni. Glukosaidi haigandi hivyo. Mamangu hakukosea kabisa kuhusu maji, ila aliyalaumu peke yake.

Lakini ona vile neno "asili" linavyotuchezea. Desili glukosaidi imetoka kwa nazi na sukari, sawa. Pia ni kemikali iliyotengenezwa kiwandani. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna aibu hapo. Maji pia ni kemikali. Aibu ni kumficha mteja.

Tena kitu kipole kinaweza kuharibiwa na mkono wa anayekichanganya. Malighafi hii huja ikiwa na alkali nyingi, pH yake ikipita 11. Ngozi ya uso hupenda karibu 5. Mtengenezaji anayejua kazi huongeza asidi ya sitriki kidogo kidogo na kupima kwa karatasi za pH hadi ishuke. Asiyejua anamimina tu, anaweka rangi na manukato, anapiga picha. Hapo umenunua upole kwa bei ya upole, ukapata ukali.

Halafu kuna aleji. Mwaka wa 2017, chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulikia mzio wa ngozi, American Contact Dermatitis Society, kilitangaza familia hii ya glukosaidi kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Si kwamba ni sumu. Wengi wetu tutaitumia maisha yote bila shida. Wachache ngozi zao haziitaki, na hao wachache wana kinga moja tu: kugeuza chupa na kutafuta neno linaloishia na "glucoside". Bila orodha, wataruka kutoka sabuni moja ya "asili" hadi nyingine, kila moja ikiwachoma, wakidhani wana mapepo.

Mimi mpaka leo sijui ni nini kiliniwasha. Huenda ilikuwa glukosaidi. Huenda ni manukato, au kihifadhi, au pH. Daktari hawezi kupima kitu ambacho hakina jina.

Najua jibu la wauzaji, kwa sababu nililipata: "Hiyo ni siri ya biashara, mpenzi." Wacha! Jamaa wa sambusa hakupi kipimo cha viungo vyake, lakini ukimuuliza kama ni nyama au ndengu, anakujibu papo hapo. Hakuna anayeomba vipimo hapa. Tunaomba majina. Viwango vya KEBS kuhusu lebo za vipodozi vinataka orodha ya viambato, na kuichapisha nyuma ya chupa hakuhitaji mtaji mpya.

Wala sisemi tukimbilie za ng'ambo. Nataka kununua kwa vijana wenzangu wanaochanganyia jikoni Umoja na Rongai. Baadhi yao wanaandika kila kitu, hadi tarehe waliyochanganya, na hao nawapelekea wateja bila kuombwa.

Wiki jana nilimwandikia tena yule muuzaji wangu. Nilimuuliza kwa heshima tu: dada, povu linatoka wapi? Tiki mbili za bluu, kimya. Chupa yenyewe bado iko juu ya sinki. Mamangu anaoshea nayo vyombo vya plastiki, na anasema hiyo sabuni inang'oa mafuta balaa.