Tufaha Lisichumwe kwa Hofu ya Mwizi



Katika vilima vya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mtufaha umekuwa mti wa nyumbani kwa baadhi ya familia, na aina zilizozoeleka ni Anna na Golden Dorset. Kwa kuwa huko hakuna baridi kali ya kuupumzisha mti, wakulima huyapukutisha majani kwa mkono ili utoe maua. Kazi yote hiyo, kisha matunda yanachumwa kabla ya wakati wake! Sababu ni zile zile: ndege, watoto wa jirani, mwizi, au mchuuzi aliyepita na pesa mkononi.

Mimi naona hapo tunajidhulumu wenyewe. Ni kweli tufaha huendelea kulainika baada ya kuchumwa, lakini utamu wake hutokana na kile lilichokusanya likiwa mtini. Lililochumwa likiwa changa hunyauka tu kapuni, na ukakasi wake haliuachi.

Wekundu usikudanganye. Jua nalo huleta wekundu, ndiyo maana tunda la nje huwa jekundu mapema kuliko lililofichwa na majani. Tazama ile sehemu isiyo nyekundu: ikiwa bado ni kijani kibichi, ngoja, ikianza kuelekea manjano, wakati umekaribia. Kisha lishike kwa kiganja, liinue na ulizungushe kidogo. Lililo tayari hutoka na kikonyo chake. Linalokataa usilivute, utang'oa na kitawi kifupi kinachozaa msimu ujao. Wengi hutazama mbegu kama zimegeuka kahawia, lakini kwa aina inayowahi kuiva kama Anna dalili hiyo peke yake haitoshi. Wanafunzi wanaweza kukata tunda moja na kulipaka ayodini: penye wanga huwa bluu-nyeusi, na wanga ukishageuka sukari rangi haishiki. Tunda hilo lisiliwe.

Ama kuhusu mchuuzi anayetaka kununua mti mzima ukiwa na matunda mabichi, jambo hili kwetu lilishaelezwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla haijadhihiri kuwa yameanza kuiva, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Wanachuoni wengi wameruhusu kwa sharti la kukatwa papo hapo, nayo yawe na manufaa. Sasa tufaha changa lina manufaa gani? Na mvua ya mawe ikipiga kesho, hasara ni ya nani?

Matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja. Rudini mara tatu au nne, mkianza na matawi ya nje yanayopata jua. Mpeni jirani yale ya mwanzo; watoto wake wakishakula, huenda ukuta wenu ukapumzika. Yaliyopondeka yaliwe siku hiyo hiyo, mazima yawekwe pahali pa baridi, mbali na ndizi mbichi, kama hamtaki mkungu wote uive kwa pamoja.