NANI ALISEMA KURA ZETU NI ZA KABILA?



Twaandika haya mapema, kwa sababu mambo tusiyoyapenda yameanza tena katika mitaa yetu, na uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika hata mlangoni. Wako watu wanaopita Makongeni, Kaloleni na Viwandani wakihesabu milango. Hawaulizi kama bomba latoa maji, wala mshahara ulichelewa siku ngapi. Wanauliza jina la baba yako tu, nawe wajua sababu yake.

Mmoja wa watu wa namna hiyo tulimwona kwa macho yetu kabla ya uchaguzi wa 2022. Alifika jioni, saa ya kubadilishana shifti, na daftari mkononi, na kijana nyuma yake akibeba pakiti za unga. Kila mlango aliuandikia herufi moja, herufi ya kabila. Akafika kwa mwenzetu mmoja wa pointi. Mwenzetu huyo baba yake ni Mluhya, mama yake Mkamba, mke wake Mkikuyu, na mtoto wake wa kwanza amepewa jina la Mjaluo waliyefanya kazi pamoja miaka tisa. Yule bwana alisimama kalamu ikiwa juu, mwisho akaandika alama ya kuuliza. Unga akampa pakiti moja, wengine walipata mbili. Tulicheka juma zima. Kisha mzee mmoja, gadi wa zamani, akatuuliza tunacheka nini, kwa kuwa wengine wote tuliandikiwa herufi zetu wala hatukukataa.

Maneno ya mzee huyo yalituuma. Wenye daftari wanasema Nairobi ni hesabu ya makabila tu, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani na ndivyo itakavyokuwa. Huo ni uongo, na tarakimu zipo.

Waafrika wa mji huu walichagua mjumbe wao mara ya kwanza Machi 1957. Haikuwa kura ya kila mtu. Serikali ya wakoloni ilipima elimu ya mtu, mshahara wake na mali yake, na mwingine alipewa kura mbili au tatu, jirani yake hana hata moja. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa aonyeshe kwanza cheti cha kuwa mtiifu kwa Serikali. Kwa hiyo waliopiga kura walikuwa wachache. Tom Mboya, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, alipata 2,138, na wakili Argwings-Kodhek akapata 1,746. Wote wawili Wajaluo. Kwa uchaguzi huo mwenye daftari aweza kusema bado hatujathibitisha lo lote.

Basi tumpeleke Februari 1961. Safari hii aliyejua kusoma na kuandika lugha yake aliweza kupiga kura, na aliyepita miaka 40, na mwenye kipato cha pauni 75 kwa mwaka. Mitaa ya wafanya kazi ilifurika. Jimbo liliitwa Nairobi Mashariki, na Wakikuyu ndio waliokuwa wengi kati ya wapiga kura. Mboya alisimama tena, Mjaluo yule yule, alama yake ndege. Aliyempinga hakuwa mtu mdogo: Dr. Munyua Waiyaki, daktari, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, mtu ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Kama kura ni kabila, daktari angeshinda kabla ya saa nne asubuhi.

Hesabu ilikuwa hivi: Mboya 31,407, Waiyaki 2,668. Kwa kila kura moja ya daktari, katibu wa wafanya kazi alipata zaidi ya kumi na moja. Ndugu, zisomeni tena tarakimu hizo.

Twajua jibu la wenye daftari. Watasema watu walifuata KANU tu. Lakini Waiyaki naye alikuwa mtu wa KANU, na ndani ya chama hicho walikuwamo wakubwa waliotamani sana Mboya aanguke. Jibu hilo halisimami.

Sababu ilikuwa nyingine, nayo inatuhusu sisi wa vyama. Mwaka 1953 chama cha KAU kilipigwa marufuku, na Mwafrika wa Nairobi hakuwa tena na mahali pa kusemea ila katika vyama vya wafanya kazi. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji, wakawatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru majumbani na kazini, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kambini. Wakati ule kumtetea Mkikuyu hadharani kulikuwa ni kujitafutia kamba. Shirikisho la wafanya kazi lilipaza sauti, na katibu wake alikuwa kijana Mjaluo aliyezaliwa katika shamba la makonge Kilimambogo, aliyewahi kuwa bwana afya wa Halmashauri ya Mji. Watu walirudi kutoka kambini na kumbukumbu zao. Walipopewa karatasi mwaka 1961 hawakuuliza jina la babaye. Walikumbuka nani alisema neno siku wengine walipokaa kimya.

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi katika Government Road, barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Siku hiyo mitaa yetu ilipasuka. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kuchunguliana madirishani, na wanasiasa wakaona kwamba woga ni mtaji usiohitaji kulipiwa riba. Yaliyofuata katika miaka ya chama kimoja hatutayaeleza yote. Ilifika hadi 1988 mtu akapangwa mlolongo nyuma ya picha ya mgombea, bwana mkubwa akiangalia nani amesimama wapi.

Lakini hata baada ya hayo, tazameni Makadara, jimbo lililo na Makongeni ndani yake. Mwaka 2002 lilimpa kiti Reuben Ndolo kwa tiketi ya NARC. Mwaka 2007 likatangaziwa Dick Wathika wa PNU; Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi huo, na Septemba 2010 Mbuvi Sonko akawashinda hao wote wawili kwa tiketi ya Narc-Kenya. Mwaka 2013 akaingia Benson Mutura wa TNA. Mwaka 2017 na 2022 akashinda George Aladwa wa ODM. Chaguzi sita, vyama vitano, watu watano. (Wawili kati yao waliwahi kuwa Mameya wa Nairobi, kwa hiyo mtu asitwambie hawakuijua shida ya maji.) Je, hili ni jimbo la kabila gani? Mwenye daftari atafute herufi yake. Hapa hakuna kabila liwezalo kushinda peke yake, na kila aliyeshinda alishinda kwa kura za watu wasiosema lugha ya mama yake.

Hatusemi kwamba waliochaguliwa ni wema au wabaya. Twasema jambo baya zaidi, nalo latuhusu wenyewe: katika mara zote sita, sisi wafanya kazi hatukumwuliza hata mmoja wao swali lililoandikwa. Tuliwapa kura kama mtu anayetupa tiketi iliyokwisha kutumika. Esau aliuza haki yake kwa dengu akiwa ametoka porini na njaa kweli. Sisi twauza kwa pakiti mbili za unga, na jioni tuna ugali wetu mezani.

Gharama yake twaijua. Baada ya kura ya 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa katika nchi hii. Reli iling'olewa pale Kibera kwa mikono ya vijana, na njia ya kwenda Uganda ikafungwa. Vijana wale hawakuwa na hisa katika upande wo wote ule. Treni isipopita, mshahara unaokatika ni wa dereva, wa gengi na wa mama anayeuza chai stesheni, awe wa kabila lo lote.

Na faida ya kusimama pamoja twaijua pia. Jirani zetu wa Muthurwa, wengi wao wastaafu wa reli na watoto wao, walipoanza kufukuzwa majumbani mwaka 2010, walikwenda Mahakama Kuu. Hawakwenda na madai ya Wajaluo mbali na madai ya Wakamba. Walikwenda wapangaji. Mwaka 2013 hakimu alisema haki zao zilikuwa zimevunjwa. Lile daftari la unga halikuwa na ukurasa wa mambo kama hayo.

Sasa twageukia nyumbani, na hapa wengine watakasirika. Katika tawi letu wenyewe, uchaguzi wa viongozi uliopita, watu walikaa ukumbini kwa mafungu, na kila fungu lina lugha yake. Mtu mmoja alipigiwa kura ya ukatibu na watu ambao hawajawahi kusikia akisema neno juu ya posho ya usiku. Tulipomwuliza mpiga kura mmoja sababu, alijibu, "Ni wetu." Wetu nani, ndugu? Yule anayekatwa mshahara pamoja nawe ndiye wako. Kama tutapanga mafungu katika ukumbi wetu, hatuna mdomo wa kumlaumu mwenye daftari.

Wako pia wanachama wanaosema chama kikae mbali na kura, kwamba kazi yetu ni mishahara tu. Waangalie basi nani hutunga sheria za kazi, na sheria ya pensheni, na sheria ya kumfukuza mpangaji. Hatusemi chama kiwe kibaraka cha mgombea. Twasema chama kiulize.

Twapendekeza hivi kwa mkutano wa tawi ujao. Kila mgombea wa Makadara aalikwe ukumbini petu, mmoja mmoja, siku ya mapumziko. Ataulizwa maswali matatu tu: atafanya nini juu ya nyumba za wafanya kazi na watu wanaoogopa kufukuzwa, atasimama upande gani malipo ya wastaafu yakicheleweshwa, na je, mawakala wake watatembea na daftari la kabila au hapana. Hakuna unga, hakuna ngoma, hakuna bahasha. Atakayekuja, majibu yake yatapigwa chapa katika karatasi hii neno kwa neno, na nakala itabandikwa karakana, stesheni na kwenye lango la mtaa. Asiyekuja, tutaandika jina lake, na chini yake tutaacha nafasi tupu yenye urefu ule ule.