Tupime Mashine Kabla ya Kunakili Nyimbo

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho ya zama hizo, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliopata jina lake kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikwisha kufika huku. Madhali rekodi za kale za namna hiyo, ziwe za ngoma, za kwaya au za wazee, sharti zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, naona ni wajibu kwa kila redio, chuo na kanisa lenye hazina hiyo, Kericho na Bomet, kuzipima mashine zake kwanza na kuandika kipimo kando ya kila nakala.

Sababu ni hii: uzi wa kinanda ukipigwa hautoi sauti moja tu, bali hufuatwa na sauti nyembamba zaidi, zenye mitetemo maradufu, mara tatu na mara nne ya ile ya asili; na saketi ya mashine ya kunakilia, ikiwa na ila, huzua sauti zake papo hapo penye zile za uzi, hata zikisha kuchanganyika hakuna fundi awezaye kuzitenga, na uzushi wa mashine utahesabiwa kuwa ufundi wa mpigaji.

Kipimo chenyewe ni hiki: saketi hupewa sauti moja safi, yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde; ikitoka, kichujio huiondoa, na kinachosalia penye 2,000, 3,000 na kuendelea ndicho kilichoongezwa. Saketi bora huacha chini ya sehemu 1 katika 100,000. Lakini chombo cha kupimia nacho kina ila zake, na kisipokuwa safi kuliko kinachopimwa, mtu atapima taksiri ya chombo akidhani ni ya saketi. Kwa hiyo, kama karani wa kituo cha majani chai aiwekavyo mizani kwenye sufuri kabla ya kutundika gunia, sharti chombo kiunganishwe kwa waya, tundu la kutolea sauti kwa tundu la kupokelea, kijipime chenyewe kwanza.

Ni kweli kwamba sikio halitambui kasoro ndogo kiasi hicho, na kwamba santuri kuukuu ina mikwaruzo iliyo mikubwa zaidi. Lakini nakala hunakiliwa tena na tena, kila mashine ikiongeza chake, na ilhali mikwaruzo ile ni ushahidi wa zama zake, taksiri zetu hazishuhudii ila uzembe wetu. Kompyuta, kadi nzuri ya sauti na programu ya bure vyatosha kuanzia. Vyuo vyetu vya ufundi na vifundishe kazi hii, na asiyepima asikabidhiwe kanda ya asili.