Programu za simu na uzuri wa mkakasi

WAHENGA walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia hivi karibuni nikiwa Lilongwe kwenye duka la jumla, mzigo wa vitenge umeshafungwa, mwenye duka ananisubiri nimalizie malipo kwa simu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, programu ninayotumia kutuma fedha ilikuwa imejibadilisha yenyewe. Ilikuja na rangi mpya, picha za watu wanaocheka na matangazo ya mikopo. Orodha ya miamala, iliyokuwa ukurasa wa mbele, haikuonekana. Mwenye duka alitaka kuona malipo ya awali niliyotuma wiki iliyotangulia. Nilitafuta hadi kifurushi cha intaneti kikaisha. Nilirudi Dzaleka mikono mitupu, mzigo ukabaki dukani.

Kwa mtu wa ofisini huo ni usumbufu mdogo. Kwa mfanyabiashara wa kambini, au anayevuka Kasumulu kwenda Mbeya, orodha ile ndiyo risiti na ndiyo daftari la madeni. Ikumbukwe kuwa Machi 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000. Aliyefunga duka lake mjini huagiza bidhaa kwa simu. Anayerejea Burundi au Kongo naye huondoka na hesabu zake ndani ya simu hiyo hiyo.

Maradhi haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2012 Microsoft walitoa Windows 8 bila kitufe cha kuanzia ambacho watu walikizoea. Kelele zikawa nyingi, kitufe kikarudi mwaka 2013, na orodha yake ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Februari 2017 WhatsApp waliondoa maneno mafupi ambayo mtu aliyaweka chini ya jina lake, wakaleta picha zinazotoweka baada ya saa 24. Mwezi uliofuata waliyarudisha. Mei 2024 kampuni ya spika ya Sonos, ya Marekani, ilitoa programu mpya iliyokosa huduma kadhaa za zamani. Januari 2025 mkurugenzi wake mkuu, Patrick Spence, aliondoka.

Kwa nini kosa hili linajirudia? Nionavyo mimi, mbunifu hupata sifa kwa kinachoonekana. Rangi mpya huonyeshwa kwenye mkutano wa wakubwa, lakini kitufe kilichokaa mahali pake miaka mitano hakimpandishi mtu cheo. Tena kazi hiyo hujaribiwa kwenye simu mpya yenye intaneti ya ofisi, wakati sisi tunatumia simu yenye kioo kilichopasuka na kifurushi cha siku moja.

Tukumbuke M-Pesa ilivyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ilikuwa menyu ya maandishi tu, unachagua namba, unaweka kiasi, unapata ujumbe wa uthibitisho. Haikuwa na urembo wowote, lakini hata aliyekuwa na simu ya tochi aliitumia.

Sisemi programu zisibadilike. Wezi wa mitandao hawalali, na ulinzi lazima uimarishwe. Ninachosema ni kwamba kutuma fedha, salio na orodha ya miamala visihamishwe bila taarifa, na menyu ya namba ibaki wazi kwa asiye na intaneti. Kabla ya kutoa sura mpya, wahusika waje sokoni Dzaleka wakampe muuza maharage aijaribu.

Wakati tukiwasubiri, msomaji mwenzangu, zima masasisho ya kujiendesha, hifadhi ujumbe wa uthibitisho, na andika kila muamala kwenye daftari. Mimi nimeshanunua la kwangu.