Sifa za Audubon Zigawanywe

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini tukisimulia maisha ya John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, tunasahau vidole vingine. Kitabu kilichomjengea jina, The Birds of America, kina picha 435 zilizochapwa kati ya 1827 na 1838, na zilipita mikono mingi. Joseph Mason, aliyeanza kusafiri naye mwaka 1820 akiwa kijana wa miaka 13, alichora mimea mingi ambamo ndege hao wametua. Maria Martin wa Charleston naye alichangia maua na wadudu. Jijini London, Robert Havell alichonga sehemu kubwa ya mabamba ya shaba, na mafundi wakapaka rangi kila nakala kwa mkono.

Watetezi wa Audubon watasema wazo lilikuwa lake, ndege aliwachora yeye na wanunuzi aliwatafuta mwenyewe. Ni kweli, bila ukaidi wake kitabu kisingekuwapo. Hata hivyo, kuongoza kazi si kuifanya yote, na Mason hakutajwa kwenye picha alizochangia. Wengine watadai hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya karakana za zama zile. Desturi inaeleza tu kwa nini kijana huyo alinyimwa haki yake. Haituzuii sisi kumrudishia. Makumbusho yanayotundika picha hizo yaandike majina ya wote wanaojulikana. Audubon hatapungukiwa na kitu, na mtazamaji ataelewa jinsi kazi kubwa hivyo ilivyowezekana.