Mshahara Mnono au Chaki?

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo limeifanya nyumba yangu iwe na vikao kuliko Bunge: nataka kuwa mwalimu.

Najua umeguna. Hata shosti wangu wa ofisini aliguna, kisha akaniuliza, "Kwani umefeli nini?" Ajabu ya nchi yetu ndiyo hiyo. Jina kubwa kuliko yote tulilowahi kumwita kiongozi ni Mwalimu, na halikuwa la pambo. Nyerere alifundisha kweli, Tabora halafu Pugu, mpaka mwaka 1955 alipoacha chaki kwa ajili ya siasa. Lakini binti akisema mchumba wake ni mwalimu, mashangazi wanaanza kuulizana kama jamaa ana shamba. Dharau hiyo ina historia yake. Katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipokuwa zinajengwa kwa kasi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Mtaani wakabatizwa "voda fasta", na jina likaganda. Tusisahau tu kwamba kuna shule ambazo bila vijana wale ubao ungebaki mtupu.

Mimi ni mhasibu. Nina shahada, mshahara unaoeleweka na kiti kinachozunguka. Wala sikusikia wito wowote usiku. Mtoto wa dada yangu alihamia kwetu Tabata akiwa kidato cha pili, Hesabu zikawa zinamtoa machozi, nikaanza kumfundisha Jumamosi barazani. Jumamosi ya pili akaja na rafiki yake. Majirani nao wakasikia kuna twisheni ya bure, tena yenye chai na maandazi. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa tisa na mkeka hautoshi.

Sasa nikueleze kilichoniteka. Kuna kijana mmoja mpole sana ambaye maswali ya kutoa yalikuwa yanamshinda. Jibu ni 7, yeye anaandika hasi 7. Ofisini mtu akiniletea hesabu mbovu nazungushia kalamu nyekundu, namrudishia, yamekwisha. Pale barazani nikamuuliza, "Umefikaje hapa?"

Akanionyesha. Swali, kwa Kiingereza, lilimtaka atoe 5 kwenye 12, na Kiingereza kinaitaja 5 kwanza. Shule ya msingi, kwa Kiswahili, miaka yote alizoea kusikia "kumi na mbili toa tano", namba zinakuja kwa mpangilio unaoziandika. Kwa hiyo akaandika alivyosoma: 5, alama ya kutoa, halafu 12. Na hesabu hiyo aliyojiandikia mwenyewe aliipatia kabisa! Miaka miwili kijana anajijua ni mbumbumbu wa Hesabu, kumbe tatizo lilikuwa mpangilio wa maneno. Tulikaa nalo dakika kumi. Akafanya maswali manane, akapata yote, akarudia kuyahesabu kana kwamba kuna mtu atamwibia.

Jumamosi nyingine binti mmoja akang'ang'ania kwamba hasi 3 ukitoa 4 unapata 7. "Hasi mbili zinaleta chanya, Aunt." Kanuni ni ya kweli, ila ni ya kuzidisha. Nikafunga kitabu, nikampeleka dukani kwa Mangi kwa maneno tu. Una deni la elfu tatu, leo umekopa tena elfu nne. Deni ni ngapi? "Elfu saba." Haya, wewe ndiye unayemdai Mangi, au Mangi ndiye anayekudai wewe? Alicheka mpaka akalala mkekani.

Basi nikawa mgonjwa. Jumatano, katikati ya kufunga mahesabu ya mwezi, nawaza kosa la nani nitalifukua Jumamosi. Nimefanya uhasibu miaka minane na sijawahi kuliwazia daftari la mtu nikiwa kwenye daladala.

Usidhani ni asali tupu. Kuna Jumamosi joto limekaba, wawili wanasinzia, mmoja anachezea simu chini ya daftari, na mada uliyoifundisha mara mbili inatazamwa kama mgeni asiye na barua. Siku kama hizo nilikuwa nangoja niseme "basi, imetosha". Badala yake nikawa najiuliza nianze vipi wiki ijayo. Halafu yule kijana mpole akateleza ulimi, akaniita "Madam" badala ya Aunt. Wenzake wakamcheka. Mimi nilienda jikoni kuongeza chai ambayo haikuwa imeisha.

Usiku ule nikamwambia mwenzangu. Baba Nuru ni mtu wa maneno machache. Alinyamaza, akapunguza sauti ya televisheni, akasema, "Lete daftari." Ninyi mnaoishi wawili wawili, hapo msikilize vizuri: nashukuru hakunipongeza haraka. Tuliandika kila kitu. Mkopo wa kiwanja cha Chanika. Ada ya Nuru. Fedha ya mama yangu ya kila mwezi. Kipato changu kikipungua karibu nusu, nini kinabaki na nini kinakatwa?

Tukaandika na ya upande wa pili. Shahada yangu peke yake hainifanyi mwalimu, nahitaji stashahada ya uzamili ya elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinaifundisha kwa njia ya masafa, hivyo naweza kusoma huku nimeajiriwa. Kwa taaluma yangu ningefundisha uhasibu na biashara. Ajira ndiyo kasheshe. Wahitimu wa ualimu walioko mtaani ni wengi, na mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa waombaji watapitia usaili, siyo kupangiwa vituo tu kama zamani. Nitapanga foleni na vijana wa miaka 25.

Kisha akaniuliza swali ambalo wala shosti hakulifikiria. "Mama Nuru, hao ni tisa, na wamekuja kwa hiari yao. Wakiwa sitini, utamuuliza nani amefikaje hapo?"

Nilimjibu kwamba ndiyo maana sitaki kurukia ajira, nataka chuo kwanza. Tisa nawamudu kwa mapenzi. Sitini wanataka ufundi, na ufundi huo kuna watu wanaujua na wanaufundisha. Akaandika "60" pembeni ya ukurasa, akaizungushia duara. Bado ipo.

Tumekubaliana hivi. Siachi kazi mpaka mkopo wa Chanika uishe, miezi 14 imebaki. Masomo nayaanza sasa, usiku, na Baba Nuru anamlaza mtoto. Mazoezi ya kufundisha hayafanyiki shule zikiwa zimefungwa, kwa hiyo likizo yangu ya mwaka yote inaishia huko. Maana yake Desemba baba na mtoto wanakwenda Moshi bila mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Mama mkwe bado hajaambiwa. Baba Nuru anasema hiyo ni kazi ya mwalimu.